Daktari Livingstone: Mbegu, Jembe na Amani

1. Mwembe wa Ujiji

Mtu atokaye Kigoma mjini kwenda Ujiji husafiri kama kilometa 8 tu. Huuacha mji wa stesheni na gati, akaufikia mji wa kale wa misafara. Hapo, juu kidogo ya ziwa Tanganyika, pana jiwe la ukumbusho kando ya miembe. Mwembe uliosimama pale mwaka wa 1871 ulikufa zamani, lakini miembe iliyopo sasa husimuliwa kuwa ni uzao wake. Wageni huja kupatazama, kwa kuwa ndipo Daktari David Livingstone alipokutana na Henry Stanley.

Watoto wengi wa nchi yetu wanaijua habari ya mkutano ule. Wanajua ya kuwa Livingstone alikuwa mmisionari na tabibu, na tena msafiri aliyetembea kwa miguu katika Afrika kwa muda wa miaka mingi. Walakini ni wachache wajuao ya kuwa mtu huyu alikuwa pia mwangalizi mkubwa wa mashamba. Kila alikopita aliwauliza wenyeji mbegu yao ilitoka wapi, ilipandwa wakati gani, ilipaliliwa mara ngapi, na ilizaa kiasi gani. Majibu yao aliyaandika katika daftari zake, hata alipokuwa mgonjwa.

Basi katika somo hili tutayafuata maisha yake kwa njia ya mashamba. Tutaona jinsi alivyojifunza, mara nyingi kwa taabu, ya kuwa mavuno mengi na mema hutokana na mbegu iliyochaguliwa na kazi iliyofanywa sawasawa. Na ya kuwa mbegu na kazi zote mbili huwa bure mahali pasipo amani.

2. Mtoto wa kiwanda cha pamba

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchi ya Uskochi. Wazazi wake walikuwa maskini wenye kumcha Mungu. Jamaa yote waliishi katika chumba kimoja, ndani ya nyumba kubwa ya wafanyakazi wa kiwanda. Kiwanda chenyewe kilisokota nyuzi za pamba.

Mwaka wa 1823, David alipokuwa na umri wa miaka 10, alitiwa kazini humo. Kazi yake ilikuwa kuangalia mashine na kuziunga nyuzi zilizokatika. Aliingia saa 12 asubuhi, akatoka saa 2 usiku. Baada ya hapo alikwenda shule ya usiku mpaka saa 4, kisha akasoma nyumbani hata mama yake alipomnyang'anya vitabu ili alale. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha lugha ya Kilatini. Baadaye alizoea kukiweka kitabu juu ya mashine, akasoma maneno machache kila alipopita mbele yake.

Katika kiwanda cha namna hiyo ubora wa pamba hauwezi kufichika. Pamba yenye nyuzi ndefu husokotwa ikawa uzi mwembamba wenye nguvu. Pamba yenye nyuzi fupi hutoa uzi mnene, nao hukatika upesi ukivutwa uwe mwembamba. Mtoto ambaye kazi yake ni kuunga nyuzi zilizokatika hujifunza mapema ya kuwa pamba si moja. Tena pamba nyingi iliyoletwa katika viwanda vya Uingereza siku zile ililimwa Marekani na watumwa waliotolewa Afrika, wao na wazee wao. Jambo hili David alilijua alipokuwa mtu mzima, wala halikumtoka moyoni.

Mwaka wa 1836 alianza kusoma uganga katika mji wa Glasgow. Akapokewa na chama cha wamisionari cha London, na mwezi wa Desemba 1840 akapanda meli kwenda Afrika ya Kusini.

3. Mfereji wa Kolobeng

Livingstone alifika Kuruman mwaka wa 1841. Mwaka wa 1845 alimwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat. Baada ya kuhama mara mbili, mwaka wa 1847 walijenga Kolobeng, katika nchi iitwayo leo Botswana, pamoja na mfalme Sechele na watu wake Wabakwena.

Nchi ile ni kavu. Kwa hiyo Livingstone aliwashauri watu wajenge karibu na mto usiokauka, wachimbe mfereji na kuyaleta maji mashambani. Wabakwena wakachimba mfereji na kujenga boma la maji kwa mikono yao, na Livingstone kwa upande wake akasaidia kumjengea mfalme nyumba. Mwaka wa kwanza kazi ilifaa sana, na mashamba yakanywa maji. Mwaka wa pili mvua ikakosekana, na wa tatu vile vile, hata mto wenyewe ukakauka, na samaki wake wakafa.

Wabakwena hawakuwa wavivu, wala mfereji haukuchimbwa vibaya. Lakini jembe haliwezi kuyaleta maji yasiyokuwapo. Hapo Livingstone alijifunza ya kuwa mkulima hana budi kuijua nchi kwanza: mvua yake, mito yake na udongo wake, ndipo achague cha kupanda. Tangu siku hizo hakulidharau shamba la mtu wa Afrika kabla hajamwuliza mwenyewe kwa nini amelima hivyo.

4. Bustani ya kisiwani

Kati ya mwaka wa 1852 na 1856 Livingstone alifanya safari iliyomletea sifa. Aliondoka kusini, akafika Luanda katika pwani ya magharibi mwaka wa 1854, akarudi bara, akaufuata mto Zambezi mpaka Quelimane katika pwani ya mashariki. Wachukuzi wake walikuwa watu wa mfalme Sekeletu wa Wamakololo.

Katika bonde la juu la Zambezi, ambalo mto hulifunika kila mwaka na kuliachia rutuba mpya, wenyeji walilima miwa. Waliitafuna tu, wala hawakujua kuipika iwe sukari. Sekeletu alipoonjeshwa sukari, na kuambiwa ya kuwa imetoka katika mua, alimwomba Livingstone amletee kinu cha kukamulia miwa. Mfalme yule alikuwa na akili: alitambua mara moja ya kuwa faida ya zao haikomi shambani. Na kila mtu anayelima miwa leo anajua maana yake. Mua ukikatwa kabla haujakomaa, utamu wake ni haba. Na ukikatwa ukaachwa siku nyingi kabla ya kukamuliwa, sukari yake hupungua.

Mwezi wa Novemba 1855 Wamakololo walimpeleka Livingstone kuyaona maporomoko makuu waliyoyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unguruma. Maporomoko hayo ndiyo mpaka wa Zambia na Zimbabwe sasa. Ukingoni kabisa pana kisiwa kidogo, na mvuke wa maji hukinyeshea daima. Livingstone akakitazama, akaona ya kuwa mahali hapa mbegu hazitakosa maji kamwe. Akafanya bustani, akapanda kokwa kama mia za pichi na aprikoti, na mbegu nyingi za buni. Akapatana na Wamakololo wazungushe ua. Alikuwa na hofu moja tu, kwa maana aliziona nyayo za viboko katika udongo wa kisiwa.

Akaenda zake. Mwezi wa Agosti 1860 alirudi, akavuka kwa mtumbwi kwenda kuiona bustani yake. Kumbe viboko walikuwa wameingia na kuiharibu miche yote! Yeye na wenzake wakazungusha ua mwingine wenye nguvu, wakapanda tena, safari hii michungwa, mikorosho na buni. Lakini moyoni aliona ya kuwa viboko hawatachoka kabla ya ua. Akakiri ya kuwa miti migeni haiwezi kustawi kama hapana mtu akaaye pale siku zote kuitunza.

Wanafunzi, liangalieni jambo hili. Mbegu zilikuwa njema. Udongo ulikuwa na rutuba, na maji yalikuwa tele. Kilichokosekana ni mlezi. Mbegu ya kigeni haina budi kulelewa kama mtoto mgeni, mpaka imeizoea nchi.

5. Pamba ya mto Shire

Mwaka wa 1858 Livingstone alirudi Zambezi akiwa ametumwa na serikali ya Uingereza, pamoja na wenzake na meli ndogo ya moshi. Shauri lake lilikuwa hili: kama watu wa Afrika wakilima pamba nzuri katika nchi yao wenyewe, wakaiuza kwa bei ya haki, wafanya biashara watanunua pamba badala ya kununua watu. Tena pamba ya watu huru itashindana na ile iliyolimwa na watumwa wa Marekani. Yule mtoto wa kiwanda alikuwa hajausahau uzi wake.

Huko Tete aliona jinsi ngano ilivyolimwa bila mvua. Maji ya Zambezi yalipopungua, wanawake waliingia katika mabonde yaliyokuwa yamefurika. Walipiga shimo dogo kwa jembe, wakatia punje chache, wakazifukia kwa mguu. Unyevu uliobaki katika udongo ulitosha, na palizi ilikuwa moja tu hata mavuno. Livingstone aliiandika habari hiyo kwa heshima, maana aliona ya kuwa kanuni yao imeifuata desturi ya mto.

Mwaka wa 1859 alipanda mto Shire, katika nchi ya Malawi ya leo, akafika ziwa Nyasa mwezi wa Septemba. Katika milima na mabonde ya nchi ile waliishi Wamang'anja, nao walikuwa wakulima hodari. Penye majani mengi waliyakata magongo ya udongo pamoja na mizizi, wakayarundika yakauka, wakayafunika kwa udongo na kuyachoma polepole, kisha wakaueneza udongo uliochanganyika na majivu na kupanda nafaka. Karibu kila nyumba yenye heshima ilikuwa na shamba lake la pamba, dogo lakini safi, lisilo na magugu. Wanaume kwa wanawake walionekana wakichambua pamba, wakiisokota na kuifuma.

Livingstone alikuwa amekuja na mbegu za pamba kutoka Marekani, akidhani atawafundisha watu kupanda mbegu bora. Lakini alipoishika pamba yao mkononi, akavuta nyuzi zake kama alivyozoea ujanani, alistaajabu. Walikuwa na aina mbili. Ya kwanza waliiita tonje manga, yaani pamba ya kigeni. Sisi twalijua neno hilo manga katika pilipili manga. Mbegu yake ilikuwa imekuja kutoka nje, nyuzi zake zilikuwa ndefu na nzuri, na mmea wake ulidumu, usihitaji kupandwa upya ila baada ya miaka mitatu hivi. Ya pili waliiita tonje kaja, yaani pamba ya kienyeji. Hiyo ilipandwa kila mwaka, na nyuzi zake zilikuwa fupi, zikishikwa ni kama sufu ya kondoo. Hata hivyo watu waliithamini, kwa maana walisema nguo yake ni imara zaidi.

Hapo Livingstone alipata mafundisho mawili. La kwanza, wakulima wale walikwisha kuchagua mbegu kabla yeye hajafika, kwa hiyo mfuko wake wa mbegu haukuwa na haja kubwa. La pili, aina iliyo bora hutegemea kazi inayokusudiwa. Mfanya biashara wa Uingereza angeitaka tonje manga, kwa kuwa mashine hupenda nyuzi ndefu. Mkulima wa milimani aliyetaka nguo ya kuvaa porini na shambani aliitaka tonje kaja. Mwenye busara huuliza kwanza zao litatumika kwa kazi gani, ndipo achague mbegu.

6. Mashamba yaliyoachwa

Mwezi wa Julai 1861 Livingstone alikuwa safarini pamoja na Askofu Mackenzie na wamisionari wenzake. Walipokuwa katika kijiji kimoja cha milima ya Shire, uliwafikia msafara wa watumwa, wanaume, wanawake na watoto, waliofungwa kwa kamba na kwa miti shingoni. Walinzi wao walipowaona Wazungu walikimbia. Wamisionari wakazikata kamba, na watu 84 wakawa huru siku ile. Lakini watu 84 walikuwa wachache. Biashara ile ilikuwa imekwisha kuingia nchini, ikachochea vita baina ya kabila na kabila.

Baadaye ukaja ukame, na vita na njaa vikafuatana. Livingstone alipopanda tena mto Shire mwaka wa 1863, hakuiona nchi aliyoijua. Maiti zilielea mtoni. Vijiji vilikuwa vitupu, na mifupa ya watu ilionekana njiani na ndani ya nyumba. Mashamba ya pamba yaliyokuwa safi yalimezwa na magugu.

Mbegu ya tonje manga ilikuwa ni ile ile. Udongo ulikuwa ule ule. Mikono iliyojua kazi ndiyo iliyokuwa imekatwa katika nchi, mingine kwa mauti na mingine kwa kamba. Tangu hapo shauri la pamba lilivunjika, na serikali ya Uingereza ikamwita Livingstone arudi. Mkewe Mary alikuwa amekwisha kufa kwa homa huko Shupanga, tarehe 27 Aprili 1862, na Askofu Mackenzie alikufa mapema mwaka ule ule. Livingstone aliona ya kuwa ameshindwa, lakini alikwisha kutambua neno ambalo wengi walikuwa hawajalitambua: biashara ya watumwa haiuzi watu tu, huua na mashamba yao.

7. Siku za Ujiji

Mwaka wa 1866 alirudi mara ya mwisho, akapita Unguja na kuingia bara kwa njia ya mto Ruvuma. Mwezi wa Aprili 1867 alifika ncha ya kusini ya ziwa letu, ambako wenyeji waliliita Liemba. Jina hilo ndilo lililopewa meli ya Liemba, inayojulikana na watu wote wa Kigoma.

Miaka miwili baadaye aliugua sana mapafu. Mfanya biashara mmoja, Mohamed bin Gharib, alimwuguza na kumchukua katika machela. Ndivyo ilivyokuwa: Livingstone aliichukia biashara ya watumwa, hata hivyo maisha yake yaliokolewa mara nyingine na wema wa watu walioifanya. Tarehe 14 Machi 1869 aliletwa Ujiji kwa mtumbwi. Alitumaini kukuta dawa na bidhaa alizoagiza, lakini nyingi zilikuwa zimeibwa.

Ujiji ya siku zile ilikuwa na soko kubwa. Samaki waliletwa kutoka ziwani, chumvi kutoka Uvinza, na kutoka mashambani nafaka, mihogo, njugu, ndizi na miwa. Yaliuzwa pia mafuta ya mawese ya michikichi ya pwani ya ziwa. Na katika soko hilo hilo, karibu na vitu hivi vyema vilivyotoka katika kazi ya mikono, waliuzwa watu.

Mwezi wa Julai 1869 alivuka ziwa kwenda Manyema, akafika Nyangwe kwenye mto Lualaba mwaka wa 1871. Alipenda kukaa sokoni Nyangwe, akiwatazama wanawake waliokuja kwa mamia na vikapu vya vyakula, wakicheka na kubishania bei. Lakini tarehe 15 Julai 1871 watu wa msafara mmoja walianza kuwapiga bunduki wanawake hao sokoni. Wengi waliuawa, wengine wakazama mtoni walipokuwa wakikimbia. Waliofanya tendo hilo wenyewe walikadiria waliokufa kuwa watu kama 400. Livingstone hakuweza kuvumilia tena. Akageuka, akarudi Ujiji kwa miguu, mgonjwa na mwenye huzuni.

Alifika tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda kama mifupa mitupu. Mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake alikuwa ameziuza zote. Livingstone akawa maskini asiye na kitu, katika mji wenye soko lililojaa chakula. Siku chache baadaye Stanley akafika na dawa, nguo na barua. Habari ya kuonana kwao imesimuliwa duniani kote. Wawili hao wakasafiri kwa mashua mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa, wakahakikisha ya kuwa mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki.

Mwishoni mwa Desemba waliondoka Ujiji kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora. Stanley akarudi kwao mwezi wa Machi 1872, akiwa na daftari za Livingstone. Livingstone alibaki hata Agosti, akingoja wachukuzi. Waarabu wa Unyanyembe walilima ngano wakati wa kiangazi kwa kuinywesha maji, maana ngano ikipandwa katika mvua nyingi hushikwa upesi na ugonjwa wa kutu. Ni neno lile lile la Tete: mbegu njema hupewa majira yake.

8. Mwisho wa safari

Stanley alimsihi waende Ulaya pamoja, akakataa. Alitaka kuzitafuta chemchemi za mto Naili, na kuufunua uovu wa biashara ya watumwa. Akaenda kusini tena katika mvua na matope, na nguvu zake zikamwisha. Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, watumishi wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874, katika kanisa la Westminster. Mwezi mmoja tu baada ya kufa kwake, Juni 1873, Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone hakuisikia habari hiyo.

9. Michikichi yetu

Livingstone alidhani ya kuwa Lualaba huenda ukawa ndio mwanzo wa Naili. Kumbe maji yale huenda Kongo! Na katika kingo za mto huo huo, mbali sana chini ya Nyangwe, pana mahali paitwapo Yangambi. Huko mwaka wa 1941 wataalamu wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza siri ya mchikichi, mti ule ule ambao mafuta yake Livingstone aliyakuta yakiuzwa Ujiji.

Waligundua hivi. Kuna mchikichi wa Dura, ambao kokwa yake ina ganda nene na nyama yake ni haba. Michikichi mingi ya asili ya Kigoma ni ya namna hiyo. Kuna Pisifera, ambao hauna ganda, lakini mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Wakiunganishwa hao wawili, hupatikana Tenera, wenye ganda jembamba na nyama nyingi. Kwa hiyo mkungu mmoja hutoa mafuta mengi zaidi. Lakini mtu akiziokota mbegu chini ya Tenera na kuzipanda, hapati Tenera tupu. Miche mingine hurudia ganda la babu zao. Ndiyo sababu mkulima hupewa mbegu zilizounganishwa kwa makusudi, kama zinavyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, mkoani Kigoma.

Je, mbegu hiyo yatosha? Ikumbukeni bustani ya kisiwani. Tenera iliyopandwa msongamano hugombea jua. Yafaa kuachiana nafasi ya meta 9, nayo hekta moja huchukua michikichi 143. Magugu shinani hunyang'anya maji na chakula cha mche. Makuti yakikatwa kupita kiasi, mti hudhoofika. Mkungu ukivunwa mbichi, mafuta ni kidogo. Na chikichi zilizoiva zikichubuka na kuachwa siku nyingi kabla ya kukamuliwa, mafuta yake huchacha na bei yake hushuka. Hivyo mbegu huleta uwezo wa kuzaa, na malezi huamua kama uwezo huo utakuwa mafuta katika chungu.

Tena yakumbukeni mashamba ya mto Shire. Mchikichi hukaa miaka kadha kabla ya kuzaa, na mtu hupanda mti wa namna hiyo kama ana matumaini ya kuwapo siku ya mavuno, yeye au watoto wake. Katika siku za misafara ya watumwa, watu wengi wa nchi hizi hawakuwa na matumaini hayo. Ninyi mnayo. Yule mzee aliyeketi Ujiji bila kitu mkononi alitamani kuziona nchi hizi zikikaa kwa amani, na watu wake wakiuza mazao ya mikono yao badala ya kuuzwa wao wenyewe. Mpitapo kando ya ziwa mkawaona watu wakibeba mikungu ya chikichi kwenda kukamua, tazameni vema. Kazi hiyo ya kila siku ndiyo aliyoitamani hata akafa.